Magari yakipumzika, mji hupumua

Ni saa kumi jioni mjini Kiminini, Kaunti ya Trans Nzoia. Wanafunzi wametoka shuleni, wafanyakazi wanashuka kutoka matatu za Kitale, na akina mama wamepanga nyanya, sukumawiki na ndizi hatua chache tu kutoka kwenye lami. Bodaboda zimejipanga zikisubiri wateja.

Lami yenyewe si ya kijiji. Hiyo ni barabara kuu itokayo Kisumu, ikapitia Kakamega, Webuye na Kitale, kisha ikaendelea hadi Lodwar na mpaka wa Sudan Kusini. Malori ya shehena, mabasi ya usiku na matrekta ya mahindi yote hupita papo hapo, katikati ya mji. Mama aliye na mtoto mgongoni na ambaye duka la unga liko ng'ambo ya pili, hana budi kusimama, kutazama kulia na kushoto, kisha kukimbia.

Msomaji anaweza kuuliza: Jambo hili lina uhusiano gani na ukurasa wa afya? Si hiyo ni kazi ya polisi wa trafiki na wahandisi?

Jibu ni kwamba barabara ya mji huingia katika afya ya mtu kila siku kuliko hospitali. Barabara ndiyo inayoamua kama mtoto atafika shuleni salama, kama mzee mwenye shinikizo la damu atapata mahali pa kunyoosha miguu, na ni moshi kiasi gani utakaoingia katika mapafu ya muuza mboga kwa saa kumi kila siku. Ndiyo maana miji kadhaa, ya Afrika Mashariki ikiwemo, imeanza kufunga baadhi ya mitaa yake kwa magari, kwa saa chache au kwa siku zote, ili watu watembee, wakae na kucheza.

Makala haya yanaeleza faida ya hatua hiyo kwa mwili, yale ambayo miji iliyojaribu imejifunza, na namna mji mdogo kama Kiminini unavyoweza kuanza bila gharama kubwa.

WANAOKUFA NI WENYE MIGUU

Katika miaka ya karibuni, ajali za barabarani zimekuwa zikiua zaidi ya watu 4,000 nchini Kenya kila mwaka. Kundi linalopoteza watu wengi zaidi si madereva wala abiria. Ni waenda kwa miguu.

Ulimwenguni kote, kwa mujibu wa Shirika la Afya Duniani (WHO), ajali huua takriban watu milioni 1.19 kwa mwaka, na ndizo zinazoongoza kwa kuua watoto na vijana wa umri wa kati ya miaka 5 na 29. Si malaria wala Ukimwi. Ni magari.

Wakenya hawajasahau yaliyotokea jioni ya Juni 30, 2023, katika makutano ya Londiani, Kaunti ya Kericho. Lori lilipoteza mwelekeo likavamia watu waliokuwa kando ya barabara kuu, wakiwemo wachuuzi waliokuwa wakiuza bidhaa zao na abiria waliokuwa wakisubiri usafiri. Zaidi ya watu 50 walikufa. Baada ya mkasa huo, serikali ilitoa agizo masoko ya kando ya barabara kuu yahamishwe.

Lakini kila anayeishi katika mji wa barabarani anajua kwa nini soko liko pale. Mteja yuko pale. Ukimhamisha mama mboga hadi uwanja ulio nyuma ya mji, usikokuwa na mpita njia, atarudi kando ya lami kesho yake, kwa sababu watoto wanangoja chakula. Soko halihami kwa amri. Huhama pale watu wanapopata mahali pengine pazuri pa kupita na kusimama. Hilo ni jambo la kwanza linaloufanya mtaa usio na magari kuwa suala la uhai na kifo, wala si la anasa.

SEKUNDE TISA ZA MZEE

Hebu tupige hesabu ndogo. Lami ya barabara ya kawaida ya njia mbili ina upana wa takriban mita 7. Mtu mzima mwenye afya huivuka kwa sekunde 6 hivi. Mzee, mja mzito au mtu aliyebeba gunia huhitaji sekunde 9.

Gari linalokwenda kwa kilomita 80 kwa saa husafiri mita 22 kila sekunde. Kwa hiyo mzee wetu, ili avuke salama, lazima gari liwe umbali wa mita 200 anapoanza kutia mguu kwenye lami. Umbali huo ni kama viwanja viwili vya mpira vilivyopangwa kimoja mbele ya kingine. Gari hilo likipunguza mwendo hadi kilomita 50 kwa saa, kiwango cha juu kinachoruhusiwa na sheria ya trafiki katika miji na vituo vya biashara, umbali unaohitajika unashuka hadi mita 125. Kwa kilomita 30 kwa saa, mita 75 zinatosha.

Kasi vilevile huamua kama aliyegongwa ataishi. Kasi ikiongezeka maradufu, nguvu ya pigo huongezeka mara 4. WHO inaeleza kwamba hatari ya kufa kwa mtu anayegongwa na sehemu ya mbele ya gari huongezeka mara nne na nusu mwendo unapopanda kutoka kilomita 50 hadi 65 kwa saa. Fuvu la kichwa, wengu na ini haviwezi kustahimili pigo hilo, hata hospitali ingekuwa mlango wa pili.

Watoto wako katika hatari zaidi. Ni wafupi, hivyo dereva huchelewa kuwaona. Isitoshe, akili ya mtoto mdogo bado haijaweza kukadiria vyema kasi na umbali wa gari linalokuja. Kumwambia "uwe mwangalifu" ni vizuri, lakini hakutoshi.

MOSHI NA KELELE

Madhara ya pili hayaonekani upesi. Moshi wa magari, hasa ya dizeli yaliyochakaa, hubeba chembechembe ndogo mno. Zile zinazowatia madaktari wasiwasi zaidi zina upana usiozidi sehemu 2.5 za milioni ya mita. Unywele mmoja wa kichwani ni mnene kuzishinda karibu mara thelathini.

Kwa kuwa ni ndogo hivyo, pua na koo haziwezi kuzizuia. Huingia hadi ndani kabisa ya mapafu, na nyingine huvuka na kuingia katika damu. Huko huwasha mishipa, hukaza kifua cha mwenye pumu, na baada ya miaka huchangia ugonjwa wa moyo, kiharusi na saratani ya mapafu. Uchafu wa hewa wa nje na wa jikoni kwa pamoja huhusishwa na vifo vipatavyo milioni 7 duniani kila mwaka.

Anayeumia zaidi si yule apitaye ndani ya gari, vioo vikiwa vimefungwa. Ni yule anayekaa hapo: mama mboga, fundi viatu, mwendeshaji bodaboda, makanga, askari wa trafiki, na mtoto mchanga aliyelazwa chini ya meza ya mboga.

Kelele nayo si usumbufu tu. Honi, muziki wa matatu na mngurumo wa injini huufanya mwili ukae katika hali ya tahadhari. Moyo hupiga haraka, shinikizo hupanda, na usingizi hukatizwa. Mtu akiishi hivyo kwa miaka, mishipa yake hulipa gharama.

Mtaa ukifungwa, moshi na kelele hupungua mara moja katika mtaa huo. Ni lazima tuseme pia kwamba magari hayo yakielekezwa yote katika njia nyingine nyembamba, wakazi wa huko ndio watakaovuta moshi. Kwa hivyo mtaa wa kufungwa huchaguliwa kwa makini, si kwa kubahatisha.

KUTEMBEA NI DAWA

WHO hupendekeza kila mtu mzima apate angalau dakika 150 za mwendo wa wastani kwa wiki. Hiyo ni nusu saa kwa siku, siku tano. Kutembea kwa haraka kiasi kwamba unaweza kuzungumza lakini huwezi kuimba kunatosha.

Unapotembea, misuli ya mapaja na miguu hunyonya sukari kutoka kwenye damu hata kabla ya insulini kufanya kazi yake yote. Ndiyo sababu mwenye kisukari huambiwa atembee baada ya mlo. Mishipa ya damu hulainika na kutanuka, shinikizo likashuka. Mifupa hupata uzito wa kubeba ikawa imara. Akili nayo hutulia na usingizi huja kwa urahisi.

Uchunguzi wa kitaifa uliofanywa nchini Kenya mwaka 2015 ulionyesha kwamba karibu mtu mzima mmoja kati ya kila wanne alikuwa na shinikizo la juu la damu, na zaidi ya nusu ya watu wazima hawakuwa wamewahi kupimwa shinikizo hata mara moja. Wengi wanaoanguka kwa kiharusi hujua ugonjwa wao siku hiyo hiyo.

Uchunguzi huo huo ulionyesha jambo jingine ambalo huenda likamshangaza msomaji: Wakenya wengi bado walikuwa wakipata mwendo wa kutosha. Ni wachache tu, chini ya mmoja kati ya kumi, waliopungukiwa. Hatukuhitaji kufundishwa kutembea na Mzungu. Tunatembea kwenda sokoni, kanisani, msikitini, shambani na kazini. Hata jijini Nairobi, takriban safari nne kati ya kila kumi ni za miguu.

Hatari ni kwamba hazina hii inaanza kutuponyoka. Miaka ya 1990, bodaboda ya Busia, Bungoma na Kitale ilikuwa baiskeli. Kijana alimbeba abiria kwa nguvu za miguu yake mwenyewe. Tangu mwishoni mwa miaka ya 2000, pikipiki zimechukua nafasi hiyo. Zimewapa vijana wengi riziki na kuwafikisha akina mama wajawazito hospitalini, na hakuna anayetaka ziondoke. Lakini safari ya dakika kumi ambayo zamani ilikuwa ya miguu, leo ni ya shilingi hamsini na kukaa kitako. Na anayeogopa kugongwa ataipanda pikipiki hata kwa safari fupi.

Kwa hivyo, huku kwetu kazi ya mtaa usio na magari si kuwashawishi watu waanze kutembea. Ni kuwawezesha wale wanaotembea waendelee kutembea bila kufa.

MTAA NI WATU

Lugha yetu yenyewe inatufundisha. Tunaposema "mtaa" twaweza kumaanisha njia inayopita kati ya nyumba, au watu wanaoishi katika nyumba hizo. Neno moja lina maana zote mbili, kwa sababu tangu zamani njia na jirani vilikuwa kitu kimoja.

Nenda Lamu ujionee. Mji wa kale wa Lamu, uliotiwa katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2001, ulijengwa kwa ajili ya miguu na punda. Vichochoro vyake ni vyembamba hivi kwamba gari haliwezi kupita. Kivuli cha nyumba ndefu huipoza njia, na nje ya milango kuna baraza za mawe ambapo watu hukaa jioni. Hapo mzee huulizwa hali, mgonjwa hujulikana mapema, na mtoto wa jirani hukanywa kama wa kwako. Baraza ni kiti, na baraza ni mkutano.

Lamu si peponi. Kinyesi cha punda na maji machafu ni matatizo ya siku nyingi, na katika miaka ya karibuni bodaboda zimeingia kisiwani na kuzua mjadala mkali. Hata hivyo Lamu inathibitisha kwamba mji wa biashara wenye maelfu ya watu waweza kuishi karne nyingi bila gari mlangoni. Jambo hili halikuletwa na wageni. Ni urithi wa pwani yetu.

Faida ya kukaa pamoja hutambuliwa pia na madaktari. Mzee mpweke hudhoofika haraka kuliko mwenzake mwenye watu wa kuzungumza nao. Mtoto anayecheza nje kwenye mwanga wa jua hujenga misuli na mifupa, na uwezekano wake wa kushindwa kuona mbali hupungua. Lakini mtoto hawezi kucheza nje ikiwa nje ni lami ya malori.

KIGALI WALIVYOFANYA

Mfano ulio karibu na unaofaa kuigwa ni wa Kigali, mji mkuu wa Rwanda. Mwaka 2015, sehemu ya barabara moja katikati ya mji ilifungwa kwa magari. Kwa miaka kadhaa ilikaa bila mapambo, kisha ikatengenezwa vizuri, ikawekwa viti, miti na taa, na kufunguliwa upya mwaka 2022 kama mahali pa watu kutembea.

Mei 2016, jiji hilo lilianzisha siku isiyo na magari. Mwanzoni ilikuwa Jumapili moja kwa mwezi, baadaye zikawa mbili. Asubuhi barabara kadhaa hufungwa kwa saa chache. Watu hukimbia, hutembea, huendesha baiskeli na kufanya mazoezi ya viungo kwa pamoja, wakubwa kwa wadogo. Saa hizo zikiisha, magari hurudi na maisha huendelea.

Kinachohusu ukurasa huu hasa ni hema zinazosimamishwa hapo. Wahudumu wa afya huwapima watu shinikizo la damu, sukari na uzito bila malipo. Mtu ambaye hangekwenda hospitalini kwa sababu "sijihisi mgonjwa," hupimwa akiwa amevaa viatu vya mazoezi, akitokwa na jasho na kucheka na rafiki zake. Anayepatikana na tatizo huelekezwa kliniki.

Ethiopia ilifuata Desemba 2018, ilipoanza kufunga barabara za Addis Ababa na miji mingine kwa ajili ya watu. Mbali zaidi, Bogotá nchini Colombia imekuwa ikifanya hivyo tangu mwaka 1974. Kila Jumapili na sikukuu, tangu saa moja asubuhi hadi saa nane mchana, zaidi ya kilomita 120 za barabara huwa za waenda kwa miguu na waendesha baiskeli.

NAIROBI: FUNZO CHUNGU NA TAMU

Nairobi nayo imejaribu, na kushindwa kwake kuna mafunzo kuliko kufaulu kwa wengine.

Desemba 3, 2018, matatu zilipigwa marufuku kuingia katikati ya jiji. Abiria walishushwa pembezoni wakalazimika kutembea mwendo mrefu. Wazee, wagonjwa, walemavu na akina mama wenye watoto walitaabika vibaya. Magari ya watu binafsi yaliruhusiwa kupita kama kawaida. Marufuku hiyo iliondolewa haraka.

Kosa lilikuwa wazi. Aliyeondolewa barabarani ni yule aliyebeba watu wengi, na aliyeachwa ni yule aliyejibeba peke yake. Huko si kuwapa watu barabara. Ni kuwanyang'anya.

Januari 2019 kukatolewa tangazo jingine. Kuanzia Februari 1, Jumatano na Jumamosi zingekuwa siku za kutoingiza magari katika baadhi ya barabara za katikati ya jiji. Wafanyabiashara na wasafiri waliuliza maswali: Bidhaa zitafikaje dukani? Mgonjwa atapita wapi? Maegesho yako wapi? Majibu hayakuwepo, na mpango ukaahirishwa kabla ya kuanza.

Mwaka huo huo, hata hivyo, kazi nyingine ilifanyika kwa utaratibu zaidi. Barabara ya Luthuli, maarufu kwa maduka ya redio, televisheni na vifaa vya umeme, ilikuwa imesongwa na matatu na kelele. Serikali ya Kaunti ya Nairobi, ikishirikiana na shirika la Umoja wa Mataifa la makazi, UN-Habitat, iliigeuza iwe ya kupitisha magari upande mmoja tu. Njia za miguu zilipanuliwa, miti ikapandwa na viti vikawekwa. Gari halikufukuzwa. Lilipunguziwa nafasi, na mtu akaongezewa.

Funzo ni hili: Tangazo la ghafla hushindwa. Mtaa mmoja uliotayarishwa vyema hufaulu kuliko jiji zima lililofungwa kwa amri ya usiku mmoja.

KIMININI INAWEZA?

Inaweza, mradi izingatie mambo machache.

Kwanza, barabara kuu haifungwi. Iko chini ya Mamlaka ya Barabara Kuu za Kitaifa (KeNHA), na malori yake hayana njia nyingine. Kinachohitajika pale ni kupunguza mwendo: matuta yanayoonekana, vivuko vilivyopakwa rangi, njia ya miguu iliyotenganishwa na lami, na kisiwa cha katikati ili mzee avuke nusu ya kwanza, apumzike, kisha avuke nusu ya pili. Zile sekunde 9 zikigawanywa mara mbili, hatari nayo hupungua sana.

Pili, kinachoweza kufungwa ni mtaa wa ndani, ule ulio karibu na soko. Katiba ya 2010 imezipa serikali za kaunti jukumu la barabara za kaunti, taa za barabarani, trafiki na maegesho, pamoja na huduma za afya. Kwa maneno mengine, ofisi inayoweza kufunga mtaa na ile inayoweza kuleta mashine ya kupima shinikizo ziko chini ya gavana mmoja.

Tatu, ianzwe kidogo. Jumapili moja kwa mwezi, saa nane mchana hadi saa kumi na mbili jioni, baada ya ibada, kwa miezi sita. Si lazima kujenga chochote. Vizuizi viwili, mabango na vijana wachache wa kusimamia vinatosha.

Nne, mkutano uitishwe mapema. Wenye maduka, akina mama mboga, chama cha matatu, waendeshaji bodaboda, walimu, viongozi wa dini na walemavu waketi na chifu na mwakilishi wa wadi. Bodaboda wapewe steji mbili, moja kila mwisho wa mtaa. Mtu aliyetembea na kununua mzigo atahitaji kubebwa nyumbani, na hapo ndipo pato lao litakapotoka. Wenye maduka nao wapokee bidhaa asubuhi kabla ya mtaa kufungwa.

Tano, nafasi ya upana wa gari moja iachwe wazi saa zote kwa ambalansi, zimamoto na mtu asiyeweza kutembea. Mtaa unaomzuia mgonjwa kufika hospitalini hauwezi kuitwa wa afya.

Sita, wahudumu wa afya wa kijamii washirikishwe. Septemba 2023 serikali ilizindua mpango wa kuwapa zaidi ya wahudumu 100,000 kote nchini mikoba yenye vifaa, ikiwemo mashine za kupima shinikizo na sukari. Meza yao na iwe karibu na muuza ndizi. Wapewe pia choo safi, maji ya kunawa na mapipa ya taka, kwani mtaa uliojaa watu bila choo ni karamu ya kipindupindu.

Saba, ihesabiwe. Watu wangapi walipita? Mama mboga aliuza zaidi au pungufu? Wangapi walipatikana na shinikizo? Miezi sita ikiisha, wananchi waamue kwa hesabu, wala si kwa kelele za mwenye sauti kubwa.

Ikiwa wateja watazoea mtaa huo, wachuuzi wa kando ya lami wataufuata wenyewe. Hapo ndipo agizo lililotolewa baada ya Londiani litakapopata nguvu ambayo amri peke yake haina.

WAKATI TUKINGOJA

Hadi siku hiyo ifike, msomaji anaweza kujilinda kwa mambo haya:

- Pasipo na njia ya miguu, tembea upande ambao magari yanakukabili ili uyaone yakija.

- Usivuke mbele au nyuma ya matatu iliyosimama. Ngoja iondoke kwanza. Gari linaloipita halikuoni.

- Mshike mtoto kwenye kifundo cha mkono, si kidole. Kidole huchopoka.

- Alfajiri na usiku vaa nguo nyeupe au za rangi ya kung'aa. Madereva wengi husema hawakumwona mtu, na mara nyingi husema kweli.

- Ukiuza kando ya barabara, kaa mbali na lami kadiri uwezavyo, na usimlaze mtoto mahali gari linapoegeshwa.

- Ukiwa na ugonjwa wa moyo, kisukari au maumivu ya kifua, muone daktari kabla ya kuanza mazoezi mazito. Anza kwa dakika kumi, uongeze polepole.

- Pima shinikizo la damu angalau mara moja kwa mwaka hata kama huna maumivu yoyote. Ugonjwa huu haupigi hodi.

Jumapili moja bila magari haitaponya shinikizo la damu la mtu yeyote, wala haitamrudisha aliyegongwa. Lakini itamwezesha mtoto wa Kiminini kukimbia katikati ya njia bila mama yake kupiga mayowe, na itampa babu yake mahali pa kuketi akimtazama. Mji ukishauonja utulivu huo kwa saa nne, utakuwa na sababu ya kuudai kwa siku nyingine pia.